Wanawali wa Bwawa la Juu

Kijiji cha Ulaya, Kilosa
Jumatano, alasiri

Mwantumu mwanangu,

Salamu sitaandika. Asubuhi umeniamkia shikamoo nikaitika marahaba, na kabla ya magharibi utakuwa umerudi kutoka Kisanga kumuaga shangazi yako. Nimekutuma huko makusudi, maana ungeweza kumuaga kwa simu. Nilitaka nyumba iwe tupu. Mama yako nimeishia darasa la nne, kalamu mkononi mwangu ni nzito kuliko mchi, na mtu akinichungulia begani siwezi kuandika hata jina langu. Karatasi hizi nimezichana katikati ya daftari lako la zamani la sayansi. Mwandiko ukiona unapanda na kushuka, fuata hivyo hivyo, utafika.

Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya kutoshika simu ovyo stendi, hutayakuta humu. Nimeyasema wiki nzima mpaka kaka yako ananicheka. "Mama, Mwantumu anakwenda chuo, haendi vitani." Acha acheke. Mimi hapa nina neno moja tu. Nimelikalia miaka kumi, na kesho ukishaondoka sitaweza tena kukwambia ukiwa bado mtoto wa nyumba hii.

Nianze na Ijumaa, siku ya dua yako.

Watu walipokwisha kula, baba yako mkubwa akakwambia usimame useme neno. Ukasimama na ule mtandio wa kijani, mikono umeifunga nyuma kama ulivyokuwa ukifanya shuleni. Ukasema unakwenda kusomea samaki na viumbe wa majini kwa sababu ya bwawa letu. Ukasema, nayakumbuka maneno yako moja moja: "Nilikuwa na miaka tisa wafugaji walipoliua bwawa la juu. Nataka nisome mpaka nijue walitia kitu gani, ili mtu asije akatufanyia tena." Watu wakapiga makofi. Baba yako mkubwa akadakia, "Haya, vyura nao wamepata wakili!" Wakacheka mpaka vikombe vikalia. Mimi nikabeba sinia nikaenda nyuma ya jiko. Ukanifuata ukaniuliza, "Mama, moshi?" Nikasema moshi.

Haukuwa moshi, Mwantumu. Wafugaji hawakuliua bwawa. Nililiua mimi.

Nimeandika, halafu nimeinuka nikaenda kuchochea maharage, nimerudi, bado imeandikwa. Basi nikueleze, maana umeshazoea kuniambia, "Mama, usiniambie jibu tu, niambie na njia."

Bibi yako, mama yake baba yako, unamkumbuka kwa utani wake. Alikuwa anakuita mke mwenza. "Mke mwenza, leo mume wetu kala nini kwako?" Na wewe na meno yako ya mbele hayapo unamjibu, "Kala kwangu, kwako kalala njaa!" Huyo ndiye aliyekuwa akiongoza wanawake wa kitongoji kwenda kuvua. Wewe ulikuwa mtoto, ukiachwa ukingoni, hukuona kazi yenyewe vizuri. Mwisho wa kiangazi mto ukikatika, yakabaki madimbwi madimbwi, tunachuma utupa, kile kimti chenye maua ya zambarau. Tunautwanga majani na mizizi, tunautia kwenye vikapu, tunaingia majini tunausukasuka mpaka maji yatoe povu. Samaki wanalewa. Wanaelea ubavu, taratibu, kama mtu kasinzia, na sisi tunaokota wakubwa. Wadogo tunawaacha, na baada ya muda wanalevuka wanakwenda zao.

Lakini ni madimbwi ya chini tu, yale ambayo jua lingeyakausha hata hivyo. Bwawa la juu, pale kwenye mikuyu, hapana. Mwaka nilioolewa sikujua, nikaingiza kikapu changu pale. Bibi alinichapa kofi la mkono mbele ya wanawake wote. "We mwali! Kwenu mnasonga ugali wa mbegu?" Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha akaniambia kwa upole kwamba lile ndilo ghala. Mvua ikija, mto unachota mbegu pale na kushuka nayo mpaka mabondeni. Mwenye kula ghala anakula mwaka mmoja.

Na pale ndipo walipokuwa wanawali. Wewe hao huwezi kuwasahau, uliwachora mara ngapi? Samaki wadogo kama kidole cha mtoto, mkia mwekundu, ubavuni madoa ya bluu. Bibi aliwaita wanawali kwa sababu mvua ya kwanza ikigonga maji walitokeza juu wote kwa pamoja, wamepambwa, kama wasichana wanaotolewa nje. Wakati ule ungemsikia akiwapigia vigelegele, mtu mzima na mvi zake, peke yake kando ya maji.

Haya. Ufuta ukapanda bei. Kila mwenye panga akafyeka, na mimi nikafyeka. Ule utupa uliokuwa ukiota mpakani mwa shamba letu niliung'oa kwa mikono yangu, nikauona gugu tu. Wenzangu nao hivyo hivyo. Hatukuambizana. Kila mmoja alidhani utabaki kwa jirani. Bibi alikuwa kitandani wakati huo, hakuona, na hakuna aliyemwambia.

Akafa kiangazi kimekolea. Ikaja arobaini yake.

Mwanangu, nataka uelewe nilivyokuwa, na hapo sijitetei. Ndugu wa baba yako walikuwa wanakuja kutoka Malolo, watu wengi, na mimi ndiye mwenye jiko. Siku moja kabla, nilimsikia wifi yangu wa Malolo akisema na mwenzake nje ya dirisha, hata sauti hakupunguza. "Mama alikuwa akilisha watu samaki. Huyu mkwewe atatulisha mlenda, tena na mchanga wake." Mwenzake akamwambia, "Shoga, mbuzi hachagui jani." Wakacheka. Nilisimama mule ndani nimeshika upawa, masikio yanawaka. Ningekula mchanga wenyewe kuliko wale wanawake waseme kwamba nyumba ya Bibi imekufa na Bibi.

Alfajiri nikaenda mtoni na kikapu. Madimbwi ya chini yalikuwa yamekauka, matope yamepasuka. Utupa nikautafuta mpaka jua likachomoza, hata jani. Nyumbani kulikuwa na chupa ya dawa ya nyanya ya baba yako, imebaki nusu. Nikairudia. Nikajiambia, utupa ni sumu na hii ni sumu, tofauti ni chupa tu. Hiyo ndiyo akili yangu ilivyofanya kazi asubuhi ile. Nikaenda nayo bwawa la juu.

Nilimimina kifuniko kimoja. Nikaona kimya. Nikamimina yote.

Samaki hawakulewa. Walirukia nje. Kambare mzima mzima anajitupa kwenye tope kama anayefukuzwa na mtu. Kaa wakatoka majini wanatembea, wengi, sikujua kama mule mna kaa wengi vile, wanapanda juu ya miguu yangu. Vyura. Konokono waliachia mawe. Yule ndege wa bluu mwenye mdomo mrefu, mdiria, alishuka akadaka samaki mmoja, akarudi kwenye tawi lake, na sikungoja kuona. Na wanawali wakatokeza. Mvua hakuna, lakini walitokeza wote, mikia ile juu, kama mtu kakata uzi wa shanga. Sikuwapigia vigelegele. Niliokota wakubwa nikajaza kikapu, nikakimbia.

Nikawaosha samaki wale maji saba. Nikawakaanga. Nikawapakulia watu, halafu nikakaa pembeni namtazama kila aliyekohoa. Mwenyezi Mungu aliwasitiri, hakuumwa mtu. Wifi yangu alilamba vidole, akaniambia, "Kweli mama kakuachia mkoba." Nilicheka naye. Yule paka wako aliyekula matumbo ya samaki alikufa jioni ile chini ya uchaga, nikakwambia kaumwa na nyoka, na wewe ukamzika na kipande cha khanga. Nyoka yule hakuwepo.

Siku ya tatu harufu ikafika kijijini. Ni ninyi watoto mliokwenda kwanza kuona, wewe na Nasieku.

Sasa nimefika pale ambapo kalamu inakataa.

Nasieku alikuwa rafiki yako. Mmesahauliana kwa nguvu, lakini mlikuwa mnalala jamvi moja. Mama yake alikuwa akiniletea maziwa asubuhi, nami nampa unga, na hatukuwahi kupimiana. Kiswahili chake kilikuwa cha kukatakata, anacheka mwenyewe akikosea. Bibi alipougua ni yeye aliyekuwa akija kumkanda miguu. Walikuwa wafugaji, wageni hapa, na mwaka ule ulikuwa mbaya kati ya wakulima na wafugaji, ng'ombe wameingia kwenye mashamba ya watu, maneno yamejaa. Basi bwawa lilipokutwa limekufa, hakuna aliyeuliza mara mbili. Watu wakasema wafugaji wamewaogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe mle ndani. Kwisha.

Kwenye mkutano wa kitongoji baba yake Nasieku alisimama. Akasema, "Mimi ndama wangu wawili wamekunywa maji yale, wamekufa. Mtu anajiwekea sumu mwenyewe?" Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Kaa chini, ndama hao umewala!" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake, miguu nimeinyoosha, na ile chupa iko chini ya migomba yetu, nimeifukia kina cha mkono.

Jioni mama yake akaja. Hakuingia ndani. Akasimama mlangoni, akasema, "Dada, wewe unanijua. Sema neno moja kwa watu."

Nikamjibu, "Mimi mwanamke tu, nitasema nini?"

Alinitazama kwa muda mrefu. Sidhani kama alijua. Nadhani alikuwa ananingoja tu, kama unavyomngoja mtu amalize kufunga khanga mwondoke pamoja. Kisha akageuka. Baada ya siku mbili walihama, ng'ombe, punda, vyungu, na watu walisimama barabarani kuwazomea. Nasieku alikuvulia bangili yake ya shanga akakupa. Wewe ukaja nayo kwangu, ukaniuliza, "Mama, kwa nini walitia sumu?" Ulikuwa na miaka tisa. Nilikuwa na nafasi. Hapakuwa na mkutano pale, hapakuwa na mawifi, ni mimi na wewe na kuku. Nikasema, "Kuna watu hawajui thamani ya maji."

Ukaenda chooni ukaitumbukiza bangili ile. Nilisikia ilivyoanguka.

Baba yako aliniuliza mara moja tu. "Chupa yangu ya dawa iko wapi?" Nikasema imevunjika. Akatikisa kichwa, akaendelea kunoa jembe. Tangu hapo alikuwa akipita njia ndefu kwenda shambani ili asipite bwawani. Amekufa na swali lake, na mimi nimebaki na jibu, na hakuna mahali pa kulipeleka.

Huwa unaniuliza kwa nini sipendi kwenda kule. Nakwenda. Nakwenda ukiwa shuleni, nakaa. Maji yapo, mengi, safi, unaona mpaka chini. Yanatisha usafi wake. Masika ya kwanza mbu walitufunika, viluwiluwi wao wamejaa mle na hakuna wa kuwala, na wewe ukalazwa zahanati mara mbili. Nakumbuka nimekaa kando ya kitanda chako nikiwatamani wale vyura ambao zamani nilikuwa nawalaani kwa kelele. Baadaye mto ulileta perege wachache kutoka juu, kambare wakarudi, kaa mmoja mmoja. Vyura wamerudi wa aina moja. Zamani ukisikiliza ulikuwa unasikia kama ngoma tatu tofauti, sasa inapigwa moja. Mdiria simwoni.

Na wanawali hawakurudi. Nimekwenda kila mvua ya kwanza, miaka kumi. Nimewauliza wanawake wa Malolo nikijifanya nauliza mambo ya zamani, nimewauliza wa Kisanga, nimewauliza watu wa bondeni. Kila mtu ana samaki wake, lakini mwenye mkia ule na madoa yale hakuna anayemjua. Ulipokuwa kidato cha pili ulimpelekea mwalimu mchoro wako, akatafuta kwenye vitabu vyake, akakwambia hawamo, labda umekosea kuchora. Ulikasirika siku nzima. Mimi usiku ule sikula. Wewe huchori vibaya. Kama hawamo kwenye kitabu na hawapo kwa jirani, basi walikuwa hapa tu. Dunia nzima, bwawa moja. Na mimi nimewamaliza kwa mboga ya siku moja.

Magari ya wageni tunayaona yanavyokimbilia Mikumi kutazama tembo. Mnyama mkubwa ana askari wake na geti lake. Wanawali hawakuwa na askari. Walikuwa na Bibi tu, na Bibi alikuwa amekufa, nami ndiye niliyeachiwa mkoba.

Sina mawaidha, mwanangu. Mawaidha ni ya mtu aliyevuka salama. Nakuonyesha tu mahali nilipozama. Nilizama pale nilipoung'oa utupa nikidhani utabaki kwa jirani. Nilizama pale nilipodhani sumu ni sumu. Lakini hayo mtu anaweza kuyafanya kwa ujinga, na ujinga unafundishika, ndiyo maana unakwenda chuo. Pale mlangoni niliposimama na Mama Nasieku, sikuwa mjinga. Pale nilijua kila kitu.

Ukifika huko, wakikuuliza kwa nini umechagua samaki, usiwaambie tena lile la wafugaji. Sema kweli. Sema alikuwa mama yako. Nitaona aibu, lakini aibu yangu iko nyumbani siku nyingi, inanijua. Na kama vitabu vyenu vina sehemu ya kuandika waliokwisha kabla hawajapewa jina, waandike. Chora ule mkia vizuri. Jina lao unalijua.

Najua utawaza: miaka kumi yote, mama, mbona sasa? Kwa sababu Ijumaa nimeona kwamba uongo wangu umekua, umesoma, na unaondoka nyumbani kwenda kufundisha watu. Nilidhani umelala chini ya migomba.

Kuna la mwisho. Jirani yetu anayepeleka ndizi Mikumi ameniambia, siku nyingi sasa, kwamba Mama Nasieku yuko pale stendi. Anauza maziwa ya mgando, upande wa barabara kuu, kwenye kibanda cha mabati. Amezeeka, anasema, lakini bado anacheka akikosea Kiswahili. Nimepita pale mara tatu. Mara zote tatu nimejifunika khanga mpaka gari likaondoka.

Basi lako linapita hapa barabarani saa kumi na mbili asubuhi, na unabadilisha Mikumi. Nimekwisha mwambia kaka yako aamke afungulie kuku. Ile chupa nimeifukua leo, ulipotoka tu. Bado ina karatasi yake. Nimeifunga kwenye mfuko nikamwonyeshe, maana maneno matupu nimeshampa mama yule, alikuja kuomba neno mlangoni kwangu akaondoka na hayo.

Barua hii nitakupa mkononi ukishakula, kisha mimi nitakwenda kukaa jikoni. Usinifuate kama hutaki. Usiniambie umenisamehe, wa kwanza kuulizwa hilo si wewe.

Asubuhi utanikuta barabarani nimeshavaa. Nimekata tiketi mbili. Kama hutaweza kukaa na mimi, panda wewe kwanza, kaa mbele. Mimi nitakaa siti ya nyuma, na sitakuita. Nitashuka Mikumi.

Mama yako.